Mtoto wa miaka 9, kilo 27: baiskeli ya shokapu mbili au ya mbele tu?

#1 MamaLoi
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua baiskeli.

Mwanangu ana miaka 9, urefu sentimita 131, uzito kilo 27. Tunakaa Arusha upande wa Ngaramtoni, na kila Jumamosi yeye na baba yake mdogo wanapanda hadi msitu wa Olmotonyi. Baiskeli aliyonayo ni mtumba wa Japani, ringi 20, na sasa akikata kona magoti yanakaribia kugusa usukani. Wiki mbili zilizopita alikuwa anashuka kwenye njia yenye mizizi, mikono ikachoka, akashindwa kushika breki, akaingia mtaroni. Alichubuka kiwiko tu, lakini tangu siku hiyo akifika pale anashuka anaikokota.

Kaka yangu yuko Munich, anakuja Desemba. Amepata huko baiskeli iliyotumika, ringi 24, shokapu mbele na nyuma, kilo 13.2. Bei yake ni kama mara mbili ya zile za shokapu ya mbele. Mume wangu anasema kama ni hela hiyo, basi tununue ringi 26 moja kwa moja ili isimbane mwakani. Mimi ninachotaka ni mtoto arudishe moyo wake. Nichukue ipi?

#2 Ndovu Mweupe
Sikiliza mumeo, chukua 26. Mtoto anakua, baiskeli haikui. Sisi viatu vya shule tulinunuliwa vikubwa, tukaweka pamba mbele, na darasa la saba tulimaliza.

#3 Fundi_Sakina
Ndovu, kiatu kikubwa kinakupa malengelenge, baiskeli kubwa inakung'oa meno. Mtoto akishtuka kwenye mteremko anaruka mbele ya siti. Hapo nyayo zote mbili lazima zifike chini na bomba la juu la fremu lisimguse. Kwenye 26 mtoto wa 131 anasimamia vidole.

Dada, umri na urefu havitoshi, pima miguu. Asimame peku, mgongo ukutani. Chukua kitabu chenye jalada gumu, mpe katikati ya mapaja, kipandishe mpaka kigote, weka alama ya penseli ukutani kwenye ukingo wa juu. Pima kutoka alama hadi sakafuni. Nimewahi kuletewa watoto wawili wa miaka 9, mapacha kabisa, na miguu yao imepishana sentimita nne.

Na wasomaji wengine msichanganye: 24 au 26 ni ukubwa wa ringi. Fremu ina vipimo vyake.

#4 Mzee wa Spoku
Mimi nina swali moja kwenye hiyo kilo 13.2. Mtoto ana kilo 27. Hiyo ni karibu nusu ya mwili wake. Mimi nina kilo 74, kwa kiwango hicho ningepewa baiskeli ya kilo 36. Nani hapa atapanda nayo Olmotonyi, tena kila Jumamosi?

Zipo za ringi 24 zenye shokapu ya mbele zinazokaribia kilo 10. Hizo kilo tatu mtoto anazibeba kila mlima, kila anaponyanyua gurudumu kuvuka mzizi, kila anapoiokota ikianguka. Akichoka kwenye kupanda, kushuka atashuka akiwa hoi, na aliyechoka ndiye anayeanguka. Mwekee tairi pana za 2.4 na upepo mdogo. Mtoto wa kilo 27 hahitaji kujaza mpaka tairi ligonge kama ngoma. Mjukuu wangu anaendesha na psi 14 (psi ni kipimo cha upepo) na hajawahi kupiga ringi kwenye jiwe.

#5 Bavaria_Bongo
Shikamoo Mzee wa Spoku. Hesabu yako ni sahihi, ila inaangalia mlima upande mmoja.

Kijana wangu ana miaka 8, naye tulianza na shokapu ya mbele. Kwenye mizizi gurudumu la nyuma lilikuwa linarushwa juu, siti inampiga makalio, mwili unakwenda mbele, uzito wote unaangukia viganja. Ndipo anapokaza mikono. Tulipompa yenye shokapu mbili, siku ya kwanza tu aliacha kukaza. Nyuma inafuata ardhi, tairi linakaa chini, na breki ya nyuma inafanya kazi kwa sababu tairi liko chini! Tairi likiwa hewani breki haina cha kushika. Uzito anauona akipanda, sikatai. Kwenye mlima mkali ninamsukuma mgongoni.

Lakini MamaLoi, shokapu mbili zina ukoo mbili. Kuna zilizotengenezwa kwa watoto tangu mwanzo: Commencal Clash ya 24, Norco Fluid FS, Propain Yuma, Rocky Mountain Reaper. Hizo shokapu zake zimepangwa kwa mtu mwepesi. Halafu kuna zilizobandikwa spring nyuma ili zipendeze dukani. Kaka yako kaona aina gani? Shokapu ya nyuma ni ya upepo au ya spring?

#6 KijanaWaLushoto
Hizo za kubandikwa ninazijua kwa machozi. Mwaka juzi nilimnunulia mdogo wangu moja mjini, mpya, rangi nyekundu, kibandiko cha moto, spring nene kama ya pikipiki. Nilipoipima kwenye mizani ya mahindi ilifika kilo 17. Nikamkalisha mtoto juu, spring haikusogea hata kidogo. Mimi mwenyewe nilipokaa, ikasogea kama upana wa kucha.

Kwa hiyo alikuwa anabeba spring bila kuitumia. Miezi minne baadaye bushi za plastiki kwenye kiungo cha nyuma zikalika. Ukishika gurudumu unaliyumbisha kushoto na kulia kama jino la mtoto. Niliirudisha, wakaniambia nimeitumia vibaya. Usambara ni milima, ningeitumia wapi tena? Tuliishia kufunga kipande cha bomba pale penye spring, ikawa baiskeli ya kawaida ya kilo 16.

#7 Fundi_Sakina
Pole sana kijana. Alichokifanya Lushoto cha kumkalisha mtoto juu ndicho kipimo chenyewe, tena hakihitaji ufundi mkubwa.

Kwenye shokapu ya upepo utaona mti unaong'aa unaoingia na kutoka, na mara nyingi una kimpira chembamba kama pete. Mtoto apande na viatu na helmeti, mtu amshikie usukani. Sukuma kimpira mpaka kiguse mdomo wa shokapu. Akae taratibu bila kuruka, kisha ashuke taratibu. Kimpira kitakuwa kimesukumwa. Kama mti una milimita 40, kimpira kiwe kimesogea 10 hadi 12, yaani robo au zaidi kidogo. Kikisogea 3, shokapu ni ngumu kwake na mnabeba chuma bure. Toa upepo kidogo, rudia. Hakuna kimpira? Funga kizipu cha plastiki, kile cha kufungia nyaya, usikaze sana.

Tatizo la watoto linakuja hapa. Unatoa upepo, unatoa, unafika mahali sili za ndani, ile mipira inayozuia upepo usivuje, zenyewe zinagoma, kwa sababu msuguano wake ni uleule kwa mtu wa kilo 80 na wa kilo 27. Mtu mzima hausikii. Mtoto anausikia kwenye kila kokoto, shokapu inakataa kuanza kuzama.

#8 Mtu wa Karura
Hamjambo wote. Mimi niko Nairobi, binti yangu ana miaka 10. Naona watu wanaongea kama mlima ni mmoja. Karura njia ni za udongo mwekundu, laini, mizizi ya hapa na pale. Pale hata baiskeli isiyo na shokapu inatosha, na watoto wengi huja hivyo. Ngong ni kitu kingine, mawe yamelegea na mteremko ni mrefu. Hell's Gate sisi huenda kwa ajili ya pundamilia na twiga, barabara ni pana lakini ina vumbi zito na mikunjo kama bati, na ile mikunjo ndiyo ilimfanya binti yangu alie kuliko mawe ya Ngong.

Mama Loi, huko Olmotonyi kuna nini hasa? Mizizi mingi au ile sehemu moja tu? Maana kununua shokapu ya nyuma kwa sababu ya mita hamsini za njia ni gharama.

#9 MamaLoi
Asanteni sana, sikutegemea majibu haya. Kitabu kimegota sentimita 58. Tumetumia atlasi yake ya shule.

Kaka amejibu: shokapu ya nyuma ni ya upepo, krenki (mikono ya pedali) zimeandikwa 152, yaani milimita, breki ni za mafuta. Fremu ni ya mtoto tangu kiwandani, ni mojawapo ya alizotaja Bavaria.

Mtu wa Karura, nimemuuliza baba mdogo. Anasema mizizi ni sehemu mbili, kila moja kama urefu wa uwanja wa mpira. Kwingine ni barabara ya gari la msitu, vumbi la volkano na mawe madogo.

#10 Jembe Halimtupi
Samahani nitaenda kinyume na wote. Mama ameandika kwenye #1 kwamba mikono ilichoka akashindwa kushika breki. Mmerukia shokapu. Kuna mtu ameuliza breki zenyewe zikoje?

Mtumba wa Japani wa ringi 20 mara nyingi una mkono wa breki wa plastiki ngumu na waya wa zamani. Mtoto wa miaka 9 ana vidole vifupi. Kama anaufikia kwa ncha za vidole tu, kila kubana ni kama kuning'inia dirishani. Dakika tano za mteremko zinatosha. Mwambie ashike usukani kama kawaida, kisha apeleke kidole cha shahada kwenye breki. Kiungo cha kwanza cha kidole kikae juu ya mkono wa breki bila kuhamisha kiganja. Kama hafiki, umepata mwizi.

#11 Mzee wa Spoku
Jembe, umesema neno zito na naona aibu sikulifikiria. Kwenye mkono wa breki, upande wa ndani, huwa kuna skrubu ndogo. Ukiikaza, mkono unasogea karibu na usukani. Baada ya hapo rekebisha waya. Breki nyingi za mafuta nazo zina skrubu hiyo, wakati mwingine ya funguo ndogo ya pembe sita.

Bavaria, marahaba. Nakubali hoja ya tairi kukaa chini. Ila kwa mtoto mwepesi angalia pia mwendo wa kurudi. Shokapu ikishazama, mafuta ya ndani ndiyo yanayozuia isifyatuke. Mafuta yaliyopangwa kwa mtu mzima yanairudisha polepole mno kwa mtoto, kwa sababu ana upepo mdogo wa kuisukuma. Mzizi wa kwanza inazama, wa pili inazama zaidi, wa tatu imeshakaa chini kabisa na haina pa kwenda. Kile kitasa chekundu cha kurekebisha mwendo wa kurudi kifunguliwe mpaka mwisho. Kama bado ni polepole, fundi anayejua anaweza kuweka mafuta mepesi zaidi.

#12 Tingatinga la Kimara
Breki za mafuta zisikutishe mama. Mafuta yakipungua unaweka DOT 4, yaani mafuta ya breki ya gari, duka lolote la spea lipo.

#13 Fundi_Sakina
Tingatinga, hapana! MamaLoi usifanye hivyo kabla hujasoma maandishi. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Ukitia DOT sili zinavimba na breki inakufa. Breki nyingi za SRAM ndizo zinazotumia DOT, 4 au 5.1, na huko usitie ya madini. Na DOT 5 yenyewe ni silikoni, isiingie kokote humo. Kwenye kifuniko au kwenye mkono wa breki huwa pameandikwa. Kaka apige picha.

Kwa Arusha, DOT ni rahisi kupata. Ya madini aje na kichupa kidogo kutoka huko.

#14 Tingatinga la Kimara
Nimeelewa fundi, nashukuru. Ya kwangu ilikuwa ya DOT ndiyo maana ilikubali.

#15 Mtani wa Muscat
Assalaam aleikum. Huku Oman watoto wanaendesha kwenye mabonde makavu, mawe yana makali kama ya kisu. Wallahi, shokapu tumeziacha kuzizungumza, sisi tunazungumza ubavu wa tairi. Mwanangu alipewa baiskeli nzuri ya shokapu mbili na mjomba wake, tairi nyepesi, wiki ya pili ubavu umepasuka kidole kizima kinapita. Vumbi la volkano sijui, lakini mama Loi hesabu bei ya tairi kabla hujamaliza hela kwenye shokapu.

#16 Kipepeo wa Meru
Tena tairi! Hili limenigharimu safari tatu za mjini. Tairi la 24 lina zaidi ya kipimo kimoja. Baiskeli za milimani za watoto ni 507, hiyo ni milimita za pale tairi linapokaa kwenye ringi. Baiskeli nyingi za Japani za wanafunzi zimeandikwa 24 x 1 3/8, na hizo ni 540. Zote dukani zinaitwa 24. Nilipewa 540, nikahangaika nayo sebuleni mpaka saa tano usiku, inapwaya tu kwenye ringi. Soma ubavuni: inatakiwa iwe kitu kama 50-507, namba ya mwisho ndiyo yenye kauli.

Hata 26 iko hivyohivyo, ya milimani ni 559 na ya Kijapani ya 1 3/8 ni 590.

#17 Ndovu Mweupe
Sasa mmeniletea namba, naomba nitumie. 559 kutoa 507 ni 52. Yaani ringi ya 26 inamzidi mwenzake milimita 26 tu kila upande. Kwa nini asinunue fremu ya 24 na mwakani akafunga ringi za 26? Breki za disiki zinashika kwenye habu (kitovu cha gurudumu), hazijali ringi ni kubwa kiasi gani.

#18 Bavaria_Bongo
Ndovu, umerudi na la maana. Inawezekana kwa fremu chache. Reaper ya 24, kwa mfano, ilibuniwa ipokee ringi za 26 mtoto akirefuka. Kwa nyingine inategemea nafasi. Kabla ya kununua ringi, toa upepo wote kwenye shokapu ya nyuma, funga ringi ya kuazima, kandamiza siti mpaka izame mwisho kabisa, na uangalie tairi linakaribia wapi. Jamaa mmoja hapa hakufanya hivyo. Siku mtoto alipotua kutoka kwenye kijukwaa, tairi lilikwaruza bomba la siti na likasimama. Foku la mbele, yaani uma unaoshika gurudumu, pia lipimwe hivyohivyo, taji lake (pale juu miguu miwili inapoungana) lisiguse tairi.

Na wote mkumbuke fremu haijarefuka. Ringi zitakuwa kubwa, lakini nafasi ya kifua na magoti ni ileile.

#19 Shangazi_K
Nimesoma kimya tangu mwanzo, ila naona kila mtu anasema "kijana wangu". Binti zenu nao wapewe. Mimi nimekulia Kilema, baiskeli ilikuwa ya baba, fremu ya mwanaume, ringi 28. Kaka zangu walipitisha mguu katikati ya fremu wakajifunza. Mimi bibi alinifukuza, akasema msichana haendeshi. Nilijifunza na miaka 31. Mwanangu wa kike sasa ana miaka 7 na anashuka kwenye migomba mpaka majirani wanatoka nje.

MamaLoi, kama una mwingine nyuma ya huyu, baiskeli usiihesabu kwa mtoto mmoja.

#20 MamaLoi
Shangazi umenigusa. Ninaye wa kike, miaka 6, na kila Jumamosi analia kubaki nyumbani. Kwa hiyo ya 24 ingekuja kuwa yake.

Sasa Jembe, nimefanya kipimo cha kidole jana. Hafiki! Ncha ya kucha tu ndiyo inagusa. Baba yake mdogo amekaza ile skrubu ya Mzee, amebadilisha waya, akapunguza upepo mpaka tairi likibonyezwa na dole gumba linaingia kidogo. Leo wameenda Olmotonyi. Ameshuka mizizi ya kwanza bila kukanyaga chini. Ya pili amesimama katikati, akaangalia, akaendelea. Amenisimulia mara nne na bado hajaoga.

Lakini mjomba mtu anasema ni shokapu inayotakiwa tu, baba mdogo anasema wiki hii mizizi ilikuwa mikavu na ile wiki kulikuwa na ukungu. Na magoti bado yanagusa usukani.

#21 Mzee wa Spoku
Hongera kwa kijana. Basi mimi nashikilia palepale: ringi 24, shokapu ya mbele, nyepesi, breki zinazofika. Nusu ya hela inabaki.

#22 Bavaria_Bongo
Na mimi nashikilia pangu mzee wangu. Mtoto amepita kwa mwendo wa kutembea. Ngoja aanze kupita kwa kasi. Krenki 152 kwa mtoto wa 131 ni ndefu kwa sasa, kwa kawaida tunatafuta karibu sehemu ya kumi ya urefu, ila akirefuka zitamkaa. Miguu ya 58 kwenye fremu ile anasimama vizuri siti ikishushwa chini.

#23 Mtu wa Karura
Mimi ningemtafutia ya kuazima ya shokapu mbili kwa siku moja kabla ya Desemba. Mtoto mwenyewe atasema. Binti yangu alijaribu zote mbili akachagua nyepesi, nami nilikuwa nimeshajiandaa kulipa ile nyingine.

#24 Jembe Halimtupi
Arusha utampata wapi wa kukuazima ya mtoto yenye shokapu mbili? Sijawahi kuiona.

#25 Fundi_Sakina
Mimi nimeiona moja, ya familia fulani Njiro, na shokapu yake ilivuja upepo miezi mitatu kwa sababu seti ya sili haipatikani mjini. Waliniletea pampu ya magari. Pampu ile haifai, kishokapu kidogo kama kile kinataka pampu yake yenye mshale unaoonyesha psi moja moja, na ukiichomoa vibaya nusu ya upepo inatoka. MamaLoi, ukiamua shokapu mbili, kaka asipande ndege bila vitu hivi: pampu ya shokapu, seti ya sili ya namba ya shokapu ileile, beringi au bushi za viungo vya nyuma, tairi mbili na tyubu mbili za 507. Ukichukua ya mbele tu, pampu na tairi bado aje nazo.

#26 MamaLoi
Nimemtumia kaka orodha ya fundi kama ilivyo. Amejibu kwamba begi la pili limebaki na nafasi ya kilo nne, na mama ameshaagiza sufuria.